Tungule (nyanya) za ndoo zinaugua? Anza na mizizi kabla hujakwenda kwa agroveti (Mombasa)

Bi Bustani (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo nyote.

Joto la kaskazi limekaza, na kila nikifungua simu nakutana na picha za mitungule ya ndoo kutoka Kisauni, Likoni, Tudor, Changamwe. Majani yamejikunja, maua yamepukutika, tunda limeingia doa jeusi kitakoni. Chini ya kila picha swali ni lile lile: nipulize dawa gani? Mimi kazi yangu ni kuotesha miche na kuiuza, na swali hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi mwenye ndoo ameshatoa pesa kwa agroveti, ameshapuliza mara mbili tatu, na mmea unazidi kudhoofika. Dawa haikuwa mbovu. Imepulizwa majanini, na maradhi yako chini.

Mtungule wa shambani ukikosa maji hapa, mzizi unateremka kuyatafuta. Udongo ukiwa na chumvi upande huu, unapinda upande ule. Ndani ya ndoo hauna pa kwenda. Ulichoutilia ndicho utakachokunywa, na jua likiipiga ndoo ubavuni, mizizi iliyojibana ukutani ndiyo inayoungua kwanza.

Kwa hivyo naomba jambo moja. Ukileta picha ya mmea unaougua, nielezee kwanza ndoo yenyewe: ya lita ngapi, rangi gani, imetobolewa vipi, udongo umechanganywa na nini, maji ni ya wapi, na jua linaipata saa ngapi hadi saa ngapi. Jani peke yake halinitoshi.

Na kabla ya kuleta, tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Mmea umelegea na kidole kimetoka kikavu? Una kiu tu. Unyweshe polepole mpaka maji yatoke chini, jioni utaamka. Mmea umelegea na kidole kimetoka na tope? Usiongeze hata kikombe. Hapo ndipo watu huzidisha maji kwa huruma, na mizizi iliyokuwa imeanza kukosa hewa ikaoza moja kwa moja. Ilaze ndoo, gonga ubavu wake, utoe mmea na bonge lake la udongo uiangalie mizizi. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu, na ukiivuta haikatiki ovyo. Iliyooza ni kahawia. Ukiivuta, ganda la nje linavuka na kubaki uzi mwembamba wa katikati, na harufu yake ni ya mtaro. Yenye vinundu vinundu hiyo ina minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoingia mizizini, na tutaizungumza mwenye mmea wa hivyo akijitokeza.

Halafu hizi kokoto za chini ya ndoo. Wengi tumefundishwa kuzitia ili maji yapite. Hazisaidii. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, kwa hivyo kokoto zinapandisha lile tabaka la tope karibu na mizizi na kula nafasi bure. Toboa matundu mengi kitakoni na mengine ubavuni karibu na chini, kisha inua ndoo juu ya vipande vya matofali. Na ndoo iwe ya lita 20 kwa mtungule mmoja. Mikebe midogo ya rangi wekeni pilipili.

Karibuni.

MwanaTudor

Shikamoo Bi mkubwa. Mimi niko ghorofani Tudor, roshani inatazama magharibi. Ndoo ni zile nyeusi za lita 20. Udongo niliununua umeshachanganywa na samadi ya mbuzi. Maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hivyo mara nyingi natumia ya kisima cha ploti. Miti imebeba vizuri lakini kila tunda likifika ukubwa wa ndimu linafanya doa la majimaji kitakoni, kisha linakuwa jeusi na kubonyea. Jirani ameniambia nisage maganda ya mayai, mwingine ati nipulize maziwa.

Bi Bustani

Marahaba mwanangu. Hilo ni oza kitako. Si ukungu, si mdudu, wala haliambukizi mti wa pili.

Tunda limekosa kalsiamu. Lakini usidhani udongo ndio umekosa. Sisi watu wa mwambao tumekalia mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni chokaa tupu. Tatizo ni usafiri. Kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini, na majani huvuta maji mengi zaidi kuliko tunda. Ndoo ikikauka mchana mmoja tu, majani yanachukua kila kilichopo, na kitako cha tunda, ambacho kiko mwisho wa njia, hakipati kitu. Seli za pale zinakufa. Doa lenyewe unaliona siku kadhaa baadaye, ushamwagilia na ushasahau kwamba siku ile ulichelewa kurudi kazini.

Ndiyo maana maziwa hayafai: kalsiamu iliyoingia kwenye jani haitoki tena kwenda kwenye tunda. Maganda ya mayai nayo huyeyuka polepole mno, na katika udongo wenye chokaa kama wetu ndiyo yanazidi kukaa. Hayadhuru. Usiyategemee tu.

Fanya hivi. Chuma matunda yote yaliyooza, hayaponi, yanakula nguvu za mti bure. Izungushie ndoo gunia, kwa sababu ndoo nyeusi kwenye roshani ya magharibi inapigwa na jua la alasiri. Ukiweza ipake chokaa nje. Funika udongo kwa nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vitatu. Maji mpe mara mbili, asubuhi na alasiri, badala ya kuyamwaga yote mara moja. Mti mkubwa wenye matunda katika joto hili unaweza kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, na siku ya upepo zaidi.

Sasa niambie habari ya hayo maji ya kisima. Ukingo wa ndani wa ndoo una ukoko mweupe?

Fundi wa Maji, Changamwe

Naongezea hapo kabla kaka hajajibu. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kiangazi inazidi kwa sababu maji matamu yanapungua na ya bahari yanasogea ndani. Huna kipimo? Chukua sabuni ya mche, nawa mikono kwa maji hayo. Yakikataa kutoa povu na sabuni ikaganda mikononi, hayo yana chokaa nyingi au chumvi, si maji ya kunyweshea mmea kila siku. Yaacheni ya kufulia na kuoshea sakafu, maji ya mfereji yakija jazeni mitungi ya bustani.

MwanaTudor

Bi mkubwa, ukoko upo. Mweupe, unakwaruza. Na kingo za majani ya chini zimeungua, kahawia kavu, ila katikati bado kijani.

Bi Bustani

Ahsante fundi, umesema kweli tupu.

Mwanangu, basi una mambo mawili na yote yanaishia kwenye tunda moja. Chumvi ikiwa nyingi udongoni, mzizi unashindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa, na ile sodiamu inashindana na kalsiamu mlangoni. Kuungua kwa kingo za majani ndiyo alama yake. Wataalamu wa chumvi ya udongo wameipimia tungule: mazao huanza kupungua udongo ukivuka desisimensi 2.5 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi), na kila desisimensi moja inayoongezeka huondoa karibu asilimia 10 ya mavuno. Na ndoo ina ubaya wake, kwamba maji yanakauka na chumvi inabaki. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka udongo wa ndoo una chumvi kuliko kisima chenyewe.

Ioshe. Subiri siku ya maji ya mfereji, au nunua ya mkokoteni mradi uwe na hakika si ya kisima kingine. Ndoo ya lita 20 inataka kama lita 40, uyamwage polepole, nusu saa unamwaga na kupumzika, yote yapite na kutoka chini yaende zake. Usiweke sahani chini ikayakamata, mmea utayanywa tena. Baada ya hapo mbolea itakuwa imekwenda na maji, kwa hivyo baada ya siku chache mpe kijiko kidogo cha CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu), ukizungushe mbali na shina, kisha maji. Masika yakianza usiyapoteze maji ya mvua, acha ndoo zioshwe.

Likoni Kijani

Mimi kisima situmii, maji yangu ni ya mvua niliyohifadhi na ya mfereji. Lakini kingo zimeungua vile vile tangu miche ikiwa midogo. Udongo nimetia nusu makumbi ya nazi, nilipata bure kwa wasokota kamba. Nilisikia makumbi ni mazuri kwa ndoo.

Bi Bustani

Makumbi ni mazuri sana, hasa kwa kushika maji. Lakini ya wasokota kamba, dadangu, mara nyingi yamefukiwa kwenye tope la ufuoni ili yalainike. Yamekunywa bahari. Hata yasiyofukiwa huwa na chumvi yake ya asili. Yaloweke kwenye pipa la maji matamu, yakamue, mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila rangi ya chai. Kwa yaliyomo ndani ya ndoo tayari, yaoshe kama nilivyomwelekeza wa Tudor. Na mchanga, kama uliutia, usiwe wa pwani. Wa mto, au udongo mwekundu wa bara.

Tazama pia majani mapya ya kileleni. Yakiwa ya manjano na mishipa imebaki kijani, huo ni upungufu wa chuma, na kwetu hutokana na chokaa nyingi kwenye udongo. Kwa hivyo jivu la jikoni, ambalo watu wanalimwaga kwenye ndoo kila siku, hapa Mombasa sipendi. Linazidisha lile lile.

Bint Mji wa Kale

Bi, shikamoo. Yangu haina doa hata moja. Kijani kibichi, imenipita urefu, inatoa maua mengi mpaka raha. Kisha maua yanakauka kwenye kile kifundo cha kikonyo na kuanguka. Sijapata tunda hata moja tangu mwezi wa kwanza. Nimeambiwa ni mdudu wa maua.

Bi Bustani

Marahaba binti yangu. Hakuna mdudu hapo. Ni usiku.

Ua la tungule linataka usiku wa baridi kidogo. Usiku ukishinda juu ya nyuzi 21 na kuendelea, kushika tunda kunakuwa kwa shida, na mchana ukipita 32 chavua yenyewe inakufa au inaganda isianguke. Sasa hebu angalia Mombasa ya mwezi wa pili na wa tatu: mchana tunagusa 33, usiku hatushuki chini ya 24 hivi. Mji wa Kale nyumba zimesongamana, kuta za mawe zinatoa joto mpaka alfajiri. Mti wako ni mzima kabisa, ila ua haliwezi kazi yake.

Punguza mbolea ya naitrojeni, kwa sababu kijani kibichi namna hiyo na urefu huo ni dalili umeipa sana na inakupa majani badala ya tunda. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukishakauka, gonga kwa kidole nyuma ya kila kishada cha maua ili chavua imwagike. Ua la tungule hujichavusha lenyewe, linataka kutikiswa tu, na penye kuta pande zote upepo haufiki. Tungule ndogo zile za kuliwa nzima nzima hushika tunda katika joto kuliko hizi kubwa. Ukitaka kubwa, badilisha kalenda. Sia mbegu mwanzo wa mwezi wa tano mahali pasiponyeshewa, hamishia kwenye ndoo mwezi wa sita, na maua yatafunguka mwezi wa saba na wa nane, kusi inavuma na usiku umeshuka karibu na 21. Huo ndio msimu wa tungule ya Mombasa. Cal J inafaa ndoo kwa sababu haipandi bila kikomo. Anna F1 ni ya kwenye nyumba ya kilimo, inataka kamba na nafasi, kwenye roshani itakusumbua.

Mzee wa Mtwapa

Bi Bustani, nakuheshimu na nimejifunza, lakini naona unawafanya watu wadhani maradhi hayapo. Mimi nimepoteza mitungule mingi kwa maradhi ya kweli, maji yangu ni matamu na ndoo zangu zina matundu. Masika yakiingia watu hawa watakujia na madoa ya majani, nawe utawaambia waangalie mizizi?

Bi Bustani

Mzee wangu, umenena na nashukuru. Nataka mizizi ianze, sikusema iwe mwisho. Maradhi yapo, na masika yetu ya mwezi wa nne na wa tano ndiyo karamu yake. Nikusaidie kwa yale ninayoyaona zaidi, nawe uongeze.

Bakajani tangulia huanzia majani ya chini: madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, na manjano pembeni. Ukungu huo huruka na tone la mvua kutoka kwenye udongo, kwa hivyo kata majani yote ya chini mpaka urefu wa mkono mmoja, funika udongo, maji yamwage shinani asubuhi. Ikiendelea kupanda, hapo dawa ya mankozebu au ya shaba ina kazi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye pakiti, ziheshimu.

Kuna jani kujikunja, na hapa watu hung'oa mimea mizima bila sababu. Likijikunja kuelekea juu, likabaki kijani na gumu kidogo, na mmea unaendelea kukua, ni joto tu, liache. Lakini majani mapya yakiwa madogo, yamekunjamana, kingo manjano, kilele kimedumaa, na ukitikisa mti wanaruka nzi weupe, hicho ni kirusi. Hakina dawa. Vika mti mfuko wa plastiki alfajiri nzi wakiwa bado wazito, ung'oe hivyo hivyo. Ndoo zilizobaki ning'inizia vipande vya plastiki ya manjano vilivyopakwa grisi, na chini ya majani pulizia mafuta ya mwarobaini na sabuni kidogo, jioni jua likishatua.

Mzee wa Mtwapa

Hapo sawa. Naongeza Tuta absoluta, nondo mdogo wa tungule. Yule mdudu alitoka Amerika ya Kusini, hapa Kenya alionekana 2014, na hamwachi mtu. Jani likiwa na madirisha meupe ukilishika dhidi ya mwanga unaona kinyesi cheusi ndani, na kiwavi mwenyewe pembeni. Kwa ndoo chache huhitaji sumu: vunja jani, libane kiwavi hapo hapo. Tunda lenye kitundu karibu na kikonyo usilitupe kwenye mbolea, lifunge kwenye mfuko ulale juani. Na utitiri mwekundu, kiangazi hiki hiki: jani lina vidoti vya manjano na vumbi, ligonge juu ya karatasi nyeupe, vidoti vikitembea ndio wao. Maji ya nguvu chini ya majani, kila siku ya pili.

Kijana wa Bamburi

Naombeni msaada wa haraka. Nina mitungule mitatu imepangwa pamoja. Mmoja juzi mchana ulilegea ghafla ukiwa kijani kabisa, usiku ukaamka. Jana umelegea tena, leo asubuhi haujaamka. Udongo una unyevu lakini si tope. Nimeutoa kama alivyosema Bi, mizizi si mizuri si mibaya, haina vinundu. Ndoo imetobolewa, maji ya mfereji.

Bi Bustani

Kijana, usiurudishe kwenye ndoo. Kata shina karibu na udongo, kipande cha kidole kimoja. Kifunge kwa uzi kining'inie ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa ndani ya maji. Usitikise. Weka karatasi nyeusi nyuma yake, ukae uangalie dakika tano.

Kijana wa Bamburi

Nimefanya. Kuna kitu cheupe kinateremka kutoka kwenye shina, kama moshi wa ubani ila unakwenda chini. Maji yameanza kuwa ya maziwa.

Bi Bustani

Inna lillahi. Huo ni mnyauko wa bakteria, na hicho unachokiona ni bakteria wenyewe wanamwagika kutoka kwenye mishipa ya maji ya shina. Wameiziba, ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu huku udongo una maji na majani bado kijani. Ungekuwa mnyauko ule wa ukungu, majani ya chini yangeanza manjano, mara nyingi upande mmoja, na glasi ingebaki safi.

Atakayekuuzia dawa ya huo atakula pesa yako. Funga mti wote na mizizi yake kwenye mfuko. Udongo wa ndoo ile usiumwage kwenye bustani ya ploti wala usimpe mtu. Fukia mbali na mahali panapolimwa. Bakteria huyo hukaa udongoni miaka, na humla pia biringanya, pilipili, mnavu na viazi. Ndoo ioshe kwa sabuni, kisha jiki kipimo kimoja kwa maji tisa, isuuze, iache juani. Kisu ulichokatia nacho vile vile, na mikono yako. Maji ya glasi mwaga chooni, si kwenye bustani.

Likoni Kijani

Bi, huo udongo haufai kuanikwa juani ndani ya plastiki? Niliona watu wanafanya.

Bi Bustani

Kwa minyoo fundo inafaa: ulowe kidogo, mfuko wa plastiki angavu, utandaze usizidi kina cha shibiri, wiki nne hadi sita za jua hili la kaskazi. Hata kwa kuvu wengi inapunguza. Kwa mnyauko wa bakteria na mitungule ya ndoo, mimi sithubutu. Udongo mpya wa ndoo moja si ghali kuliko kupoteza roshani nzima.

Kijana wa Bamburi

Nimefanya yote. Hiyo miwili iliyobaki haijalegea. Niing'oe pia?

Bi Bustani

Hapana, iache. Isogeze iachane, kila ndoo na matofali yake, maji yanayotoka chini ya moja yasipite chini ya nyingine. Tumia mkebe tofauti wa kumwagilia kwa kila ndoo. Usiipogoe kwa sasa, kila kidonda ni mlango. Ikimaliza wiki mbili bila kulegea mchana wakati udongo una unyevu, nitumie picha tena, na safari hii nataka kuiona ndoo mpaka chini.